Seli Shina Kutoka Mafuta ya Binadamu Yanayotupwa

Mafuta ya mwilini ni tishu hai. Chini ya ngozi ya tumbo, mapaja na makalio ya binadamu kuna tabaka laini la manjano ambalo kazi yake inayojulikana zaidi ni kuhifadhi nishati, kuukinga mwili na baridi na kupunguza kishindo cha kuanguka au kugongwa. Ndani ya tabaka hilo, katikati ya seli zilizojaa mafuta, kuna mishipa midogo ya damu, neva, seli za kinga, na nyuzi za kolajeni zinazoshikilia vyote hivyo pamoja. Pembezoni mwa mishipa hiyo ya damu hukaa seli chache ambazo hazijachagua kazi ya kudumu. Zinaweza kujigawa, na zinaweza kugeuka aina nyingine za seli. Hizo ndizo seli shina za mafuta. Kwa zaidi ya miaka 20 sasa zinachunguzwa katika maabara za nchi nyingi ili ijulikane kama zinaweza kusaidia kurekebisha mwili ulioharibika: ngozi iliyoungua, mfupa uliokataa kuunga, gegedu la goti lililolika, au kidonda kisichofunga.

Jambo linalozitofautisha seli hizi na nyingine za aina yake ni mahali zinapopatikana. Sehemu kubwa ya mafuta yanayofika maabara ni taka za chumba cha upasuaji. Mgonjwa amepunguzwa tumbo au matiti, au amenyonywa mafuta, au ameondolewa ngozi iliyoungua pamoja na mafuta yaliyo chini yake. Kwa kawaida vitu hivyo huwekwa kwenye mfuko wa taka hatarishi na kupelekwa kwenye tanuri la kuchomea taka. Mtafiti anapovipata kwa ridhaa ya mgonjwa, hakuna mtu anayekatwa kwa ajili ya utafiti. Kilichotolewa kilikuwa kinatolewa hata hivyo.

Upasuaji wa kunyonya mafuta ndio uliofungua mlango huo. Ulianza Ulaya katika miaka ya 1970. Mjini Rome, Giorgio Fischer alibuni vifaa vya kunyonyea mafuta kupitia tundu dogo la ngozi. Nchini Ufaransa, Yves-Gérard Illouz alianza mwaka 1977 kutumia mrija wenye ncha butu, usiokata neva na mishipa ya damu kirahisi. Mwaka 1987 Jeffrey Klein, daktari wa ngozi wa California, alieleza namna ya kujaza kwanza tabaka la mafuta maji mengi ya chumvi yaliyochanganywa na dawa ya ganzi na adrenalini. Adrenalini hubana mishipa ya damu, hivyo mgonjwa hupoteza damu kidogo, na mafuta hutoka yakiwa mepesi na yamekatikakatika. Katika upasuaji mmoja yanaweza kutoka lita kadhaa. Nchini Marekani, zaidi ya lita 5 huhesabiwa kuwa kiasi kikubwa kinachohitaji uangalizi wa ziada. Kwa maabara, mafuta yaliyokatikakatika namna hiyo ni rahisi kuyachakata kuliko kipande kizima.

Ili kuelewa thamani ya seli hizi, ni lazima kuzitenga na seli shina nyingine, kwa sababu jina moja hubeba vitu vingi tofauti. Seli shina yoyote ina sifa mbili: hujigawa na kuacha nyingine inayofanana nayo, na huzaa seli zenye kazi maalumu. Tofauti iko kwenye upana wa uwezo huo. Seli shina za kiinitete, ambazo James Thomson wa Wisconsin alifanikiwa kuziotesha kutoka kwa binadamu mwaka 1998, zinaweza kuzaa karibu kila aina ya seli ya mwili, lakini kuzipata kunahitaji kuharibu kiinitete, na hilo limezua ubishi wa kidini na kisheria. Shinya Yamanaka wa Kyoto alionyesha mwaka 2006 kwa panya, na mwaka 2007 kwa binadamu, kwamba seli ya kawaida ya ngozi inaweza kurudishwa nyuma hadi ikawa na uwezo unaokaribiana na huo. Kazi hiyo ilimpa Tuzo ya Nobel mwaka 2012 pamoja na John Gurdon.

Seli shina za mtu mzima zina uwezo mwembamba zaidi. Zile za uloto zinazozaa damu zilithibitishwa mjini Toronto na James Till na Ernest McCulloch mwaka 1961, na ndizo zinazotumika katika upandikizaji wa uloto kwa wagonjwa wa saratani ya damu na wa selimundu. Katika uloto huohuo kuna kundi jingine, lisilozaa damu. Alexander Friedenstein na wenzake mjini Moscow waliligundua katika miaka ya 1960 na 1970 walipoona kwamba baadhi ya seli za uloto hushika kwenye kioo, huota kwa makundi, na zikipandikizwa hutengeneza mfupa. Mwaka 1991 Arnold Caplan wa Cleveland, Marekani, aliziita seli shina za mesenkaima. Seli shina za mafuta ni ndugu wa kundi hili la pili. Hazizai damu, wala hazichukui nafasi ya upandikizaji wa uloto.

Njia ya kuzitoa seli hizi kwenye mafuta ni ya zamani kuliko ugunduzi wenyewe. Mwaka 1964 Martin Rodbell, mwanakemia wa Marekani ambaye baadaye, mwaka 1994, alipata Nobel kwa kazi nyingine, alichapisha namna ya kutenganisha seli za mafuta ya panya kwa kimeng'enya cha kolajenasi, ambacho huyeyusha nyuzi za kolajeni. Alichokitaka yeye ni seli za mafuta zilizoelea juu ya chombo. Mabaki yaliyozama chini hayakuwa shabaha yake. Karibu miaka 40 baadaye, mabaki hayo ndiyo yaliyokuwa habari. Mwaka 2001 Patricia Zuk, Marc Hedrick na wenzao wa Chuo Kikuu cha California, Los Angeles, wakishirikiana na watafiti wa Pittsburgh, walieleza kwamba seli walizozipata kwenye mafuta ya binadamu yaliyonyonywa ziliweza kugeuka, ndani ya maabara, kuwa seli za mafuta, za mfupa, za gegedu na za misuli. Mwaka 2002 waliongeza ushahidi kwamba hata seli moja, ikioteshwa peke yake, inaweza kuzaa aina zaidi ya moja. Hapo ndipo mafuta yalipoingia rasmi kwenye orodha ya vyanzo vya seli shina.

Ushahidi kwamba seli hizo hufanya kazi hata ndani ya mwili wa kawaida ulikuja mwaka 2008 kutoka Taasisi ya Karolinska, Stockholm. Kirsty Spalding na wenzake walipima kaboni ya mionzi iliyosambaa angani kutokana na majaribio ya mabomu ya nyuklia ya miaka ya 1950 na mwanzo wa 1960, kisha ikaingia kwenye vinasaba vya seli zilizozaliwa nyakati hizo. Kwa kipimo hicho waliweza kukadiria umri wa seli za mafuta za watu wazima. Waligundua kwamba kila mwaka takriban asilimia 10 ya seli za mafuta hufa na nyingine kuzaliwa badala yake, kwa mnene na kwa mwembamba vilevile. Zinazozaliwa lazima zitoke mahali fulani, nazo hutoka kwenye hazina ya seli changa zilizomo ndani ya mafuta yenyewe.

Kazi ya maabara huenda kwa hatua zinazofahamika. Mafuta husafishwa mara kadhaa kwa maji ya chumvi yenye asidi iliyosawazishwa, ili damu na dawa ya ganzi viondoke. Kisha huchanganywa na kolajenasi na kuwekwa kwenye nyuzijoto 37, ambazo ni joto la mwili, yakitikiswa taratibu kwa nusu saa hadi saa nzima. Nyuzi zinazoshikilia tishu huachia, na mchanganyiko huo huingizwa kwenye mashine ya kuzungusha kwa kasi. Seli za mafuta, zenye tone kubwa la mafuta ndani, huelea juu. Zile nyingine zote huzama na kutengeneza punje ndogo chini ya mrija.

Punje hiyo haijawa seli shina safi. Ina seli za kuta za mishipa ya damu, seli za kinga, seli za damu, seli changa za mafuta, na ndani yake ndimo zilimo seli shina. Tofauti hii ndiyo inayofichwa mara nyingi na wafanyabiashara: kile kinachopatikana kwa saa moja au mbili baada ya kunyonya mafuta ni mchanganyiko. Ili kupata seli shina zenyewe, punje humwagwa kwenye chombo cha plastiki chenye maji ya lishe. Baada ya siku moja, seli shina huwa zimeshika kwenye sakafu ya chombo, na nyingi ya zile zilizobaki zikielea huoshwa na kumwagwa. Zilizoshika huoteshwa kwa siku au wiki kadhaa, zikigawanywa kwenye vyombo vipya kila zinapojaa. Zikitakiwa kuhifadhiwa, hugandishwa ndani ya naitrojeni ya maji yenye ubaridi wa nyuzi 196 chini ya sifuri.

Faida ya mafuta juu ya uloto huonekana hapa. Katika uloto, seli za kundi la mesenkaima hukadiriwa kuwa moja kati ya seli 10,000 hadi 100,000. Katika punje inayotokana na mafuta, makadirio ya kawaida ni kati ya moja na kumi kwa kila seli 100. Zaidi ya hapo, kutoa uloto kunahitaji sindano nene kupenya mfupa wa nyonga, na kinachopatikana ni mililita chache. Mafuta huja kwa wingi, na mara nyingi yalikuwa yanatupwa.

Kwa kuwa kila maabara ilikuwa na njia yake, ilibidi wanasayansi wakubaliane ni seli ipi inastahili jina hilo. Mwaka 2006 Chama cha Kimataifa cha Tiba ya Seli kilitoa vigezo vya chini: seli zishike kwenye plastiki, ziwe na alama za CD73, CD90 na CD105 juu ya utando wake na zisiwe na alama za seli za damu, na ziweze kugeuka mfupa, mafuta na gegedu ndani ya maabara. Mwaka 2013 mwongozo mwingine ulitolewa mahsusi kwa seli za mafuta. Kipimo cha tatu huonekana kwa macho. Seli zikipewa viini vya kujenga mfupa, huweka chokaa inayoshika rangi nyekundu ya alizarini. Zikipewa viini vya mafuta, hujaa matone yanayoshika rangi nyingine nyekundu. Zikisongamanishwa na kupewa viini vya gegedu, hutengeneza kijiwe laini kinachoshika rangi ya samawati.

Matokeo hayo ya chomboni yaliwafanya wengi waamini mwanzoni kwamba seli zikidungwa kwenye jeraha zitageuka kuwa tishu inayokosekana. Utafiti wa miaka iliyofuata haukuunga mkono sana wazo hilo. Seli zilizodungwa kwa wanyama zilifuatiliwa, ikaonekana kwamba nyingi hufa au hutoweka ndani ya siku au wiki chache, ilhali nafuu huendelea kuonekana. Maelezo yanayokubalika zaidi sasa ni kwamba kazi yake kubwa ni kutoa ishara. Seli hizi humwaga protini zinazochochea mishipa mipya ya damu kuota, nyingine zinazozuia seli jirani zisife, na vitu vinavyotuliza kinga ya mwili pale inapowaka kupita kiasi. Ni kama msimamizi wa ujenzi: hapangi matofali mwenyewe, bali huwaelekeza wanaoyapanga. Caplan mwenyewe, aliyezipa jina la seli shina za mesenkaima, alipendekeza baadaye jina hilo liachwe, kwa sababu linawafanya wagonjwa watarajie kitu ambacho seli hizo hazifanyi.

Mabadiliko hayo ya fikra yamebadilisha pia maswali ya utafiti. Zamani swali lilikuwa namna ya kuzifanya seli ziwe mfupa au ngozi. Sasa wengi huuliza ni ishara zipi zinazomwagwa, kwa kiasi gani, na kama inawezekana kutumia ishara hizo peke yake, zikiwa ndani ya vifuko vidogo ambavyo seli hutoa, bila kuzipandikiza seli zenyewe. Wengine hutafuta kiunzi cha kuzishikilia mahali pake, ili zisitawanyike kabla kazi haijaanza.

Majeraha ya moto ni mfano mzuri wa kazi hiyo. Katika Taasisi ya Utafiti wa Upasuaji ya Jeshi la Marekani, iliyoko San Antonio, Texas, watafiti walikabili tatizo ambalo kila wodi ya majeraha ya moto inalijua. Mtu aliyeungua sehemu kubwa ya mwili hana ngozi nzima ya kutosha kukatwa na kupandikizwa mahali pengine, na si rahisi kumnyonya mafuta mgonjwa aliye katika hali hiyo. Lakini madaktari lazima waikate ngozi iliyokufa na kuitupa, na pamoja na ngozi hiyo hutoka mafuta yaliyo chini yake. Mwaka 2011 watafiti hao walichapisha matokeo yaliyoonyesha kwamba ndani ya mafuta hayo bado kuna seli shina hai, licha ya moto kuwa umepita juu yake. Waliziotesha kwenye haidrojeli yenye kolajeni na fibrini, protini inayogandisha damu, zikajenga tabaka lenye mwelekeo wa ngozi na mishipa ya damu, na walipozijaribu kwenye vidonda vya panya wa maabara, seli zilishiriki katika uponaji. Wazo lao ni kwamba kile kinachokatwa kwa mgonjwa na kutupwa kinaweza siku moja kumrudia mgonjwa yuleyule kama kifuniko cha jeraha lake.

Umuhimu wa swali hilo hauko Texas peke yake. Shirika la Afya Duniani linakadiria kwamba watu wapatao 180,000 hufa kila mwaka kutokana na majeraha ya moto, wengi wao katika nchi za kipato cha chini na cha kati, na karibu theluthi mbili katika kanda za Afrika na Kusini-Mashariki mwa Asia. Moto wa kupikia, mafuta ya taa na maji ya moto ndivyo visababishi vinavyofahamika zaidi majumbani. Kwa nchi hizo, hata hivyo, kinachookoa maisha leo ni maji safi ya kupoza jeraha, kumwongezea mgonjwa maji mwilini mapema, kuzuia maambukizi na kupandikiza ngozi kwa njia ya kawaida. Seli shina bado hazijaingia kwenye orodha hiyo.

Mfupa ulijaribiwa mapema. Mwaka 2004 madaktari wa Giessen, Ujerumani, waliripoti habari ya msichana wa miaka 7 aliyekuwa na pengo kubwa kwenye fuvu baada ya kuumia kichwa, na ambaye upasuaji wa awali ulikuwa umeshindikana. Mfupa uliotolewa nyonga haukutosha kuziba pengo, hivyo waliongeza seli kutoka kwenye mafuta yake mwenyewe, zikishikiliwa na gundi ya fibrini. Miezi mitatu baadaye picha zilionyesha mfupa mpya karibu sehemu yote. Mwaka 2009 watafiti wa Finland waliripoti mgonjwa aliyepoteza sehemu ya taya la juu. Seli za mafuta yake zilichanganywa na chembechembe za madini yanayofanana na ya mfupa pamoja na protini ya kukuza mfupa, zikawekwa ndani ya kifuko cha titani, na kifuko kikafichwa ndani ya msuli wa tumbo lake kwa miezi 8. Kilipotolewa kilikuwa na mfupa na mishipa ya damu, kikahamishiwa kwenye taya. Visa vyote viwili vinavutia, lakini kila kimoja ni mgonjwa mmoja, na katika kila kimoja seli zilitumiwa pamoja na kitu kingine chenye uwezo wa kujenga mfupa. Haiwezekani kusema kwa uhakika ni kipi kilifanya kazi ipi.

Jaribio lililopangwa vizuri zaidi lilitoka Denmark mwaka 2013. Watu 10 wenye afya walidungwa mafuta yao wenyewe kwenye mikono yote miwili: upande mmoja mafuta matupu, upande mwingine mafuta yaliyoongezewa seli shina milioni 20 kwa kila mililita. Baada ya siku 121, upande wa seli shina ulikuwa umebakisha asilimia 80.9 ya ujazo wa mwanzo. Upande wa mafuta matupu, asilimia 16.3. Kwa kuwa kila mtu alilinganishwa na mkono wake wa pili, matokeo hayo yana uzito. Yana maana kwa wanawake wanaojengewa upya titi baada ya saratani, kwa sababu shida kubwa ya kupandikiza mafuta ni kwamba mwili huyafyonza. Lakini palepale huzuka swali zito: seli zinazochochea mishipa ya damu na kutuliza kinga zinafaa kweli kuwekwa mahali palipokuwa na saratani? Majaribio ya maabara yametoa majibu yanayopingana, na kwa sababu hiyo madaktari waangalifu hulishughulikia jambo hilo kwa hadhari.

Hadithi ndefu kuliko zote ni ya fistula. Katika Afrika Mashariki neno hilo huleta akilini tundu linalotokana na uzazi uliokwama. Hapa panazungumziwa fistula nyingine, ya ugonjwa wa Crohn, ambao huunguza utumbo hadi kutoboa njia kati ya utumbo na ngozi ya karibu na njia ya haja kubwa. Ni ugonjwa wa maumivu na aibu, na tiba zake za kawaida hushindwa mara nyingi. Mjini Madrid, Damián García-Olmo na wenzake waliripoti mwaka 2003 mgonjwa wa kwanza aliyetibiwa kwa seli shina za mafuta yake. Kutoka hapo ilitengenezwa dawa iitwayo darvadstrocel: seli milioni 120 kutoka kwa mchangiaji mwenye afya, zikidungwa kuzunguka tundu. Katika jaribio la wagonjwa 212 lililochapishwa mwaka 2016, baada ya wiki 24 nusu ya waliopewa seli walikuwa wamepona kwa vigezo vilivyowekwa, dhidi ya asilimia 34 ya waliopewa dawa bandia, yaani sindano isiyo na seli. Mwezi Machi 2018 Umoja wa Ulaya uliiruhusu dawa hiyo kwa jina la Alofisel.

Kisha likaja jaribio kubwa zaidi la kuthibitisha. Matokeo yake, yaliyotangazwa mwaka 2023, hayakuonyesha tofauti ya kutosha kati ya seli na dawa bandia. Mwishoni mwa mwaka 2024 dawa hiyo iliondolewa kwenye soko la Ulaya. Mambo mawili yanapaswa kukumbukwa katika kisa hicho. Kwanza, hata waliopewa dawa bandia walipona kwa idadi kubwa, huenda kwa sababu walifanyiwa usafi mzuri wa kidonda kabla ya kudungwa. Bila kundi la kulinganisha, kupona huko kote kungehesabiwa kuwa kazi ya seli. Pili, utaratibu ulifanya kazi yake: dawa iliruhusiwa kwa ushahidi, ikaondolewa kwa ushahidi.

Matatizo ya kisayansi yanayosababisha matokeo kuyumba namna hiyo yanajulikana. Seli za mtu mmoja hazifanani na za mwingine. Umri, kisukari na unene wa mchangiaji hubadili nguvu zake. Seli zikioteshwa muda mrefu huzeeka na kupoteza uwezo. Maji ya lishe yanayotumika sana yana majimaji ya damu ya ndama, ambayo hayafai kuingia mwilini mwa mgonjwa, hivyo maabara za tiba huhamia kwenye dondoo la chembe sahani za damu ya binadamu, nalo hutofautiana kutoka mfuko hadi mfuko. Kidonge cha dawa hutoka kiwandani kikiwa sawa na mwenzake. Kundi la seli hai haliwezi kuahidi hivyo.

Wakati sayansi ikienda kwa tahadhari, biashara imekimbia mbele. Marekani na nchi nyingine zilijaa kliniki zinazonyonya mafuta, kuyachakata kwa saa moja, na kumdunga mgonjwa siku hiyohiyo kwa magonjwa yasiyohusiana hata kidogo: goti, mapafu, kupooza, macho. Mwaka 2017 jarida la New England Journal of Medicine lilichapisha habari ya wanawake watatu wazee waliodungwa mchanganyiko wa aina hiyo kwenye macho yote mawili kwa siku moja, katika kliniki moja ya Florida. Walilipa dola 5,000 kila mmoja. Retina zao ziliharibika na uono wao ukapotea karibu wote. Mtafiti wa kweli hamtozi mshiriki fedha za namna hiyo, wala hajaribu macho mawili kwa pamoja kabla ya kujua jicho la kwanza limekuwaje.

Kliniki hizo zilijitetea kwamba mafuta ni mali ya mgonjwa na kumrudishia mwili wake mwenyewe si kumpa dawa. Mamlaka ya Chakula na Dawa ya Marekani ilishikilia kwamba mafuta yaliyochakatwa kwa kimeng'enya na kudungwa ili yafanye kazi nyingine tofauti na ya mafuta ni dawa, na yanapaswa kuthibitishwa kama dawa. Mahakama za rufaa za Marekani, moja mwaka 2021 na nyingine mwaka 2024, ziliunga mkono msimamo wa mamlaka hiyo.

Swali la umiliki lina upande mwingine. Kitu kilichotupwa na mgonjwa kikizaa faida, faida hiyo ni ya nani? Mwaka 1951 seli za saratani za Henrietta Lacks, mwanamke Mmarekani mweusi, zilichukuliwa katika hospitali ya Johns Hopkins, Baltimore, bila yeye kuombwa ruhusa. Zikawa seli za kwanza za binadamu kuoteshwa bila kikomo, zikauzwa duniani kote, na familia yake ikafikia mapatano na kampuni moja kubwa ya vifaa vya maabara mwaka 2023 tu. Mwaka 1990 Mahakama ya Juu ya California iliamua kesi ya John Moore, ambaye bandama lake lililotolewa kwa ajili ya matibabu lilizaa seli zilizowekewa hataza. Mahakama ilisema hana haki ya umiliki juu ya seli hizo, lakini daktari wake alikuwa na wajibu wa kumweleza, kabla ya kumpasua, kwamba yeye daktari ana maslahi kwenye seli hizo. Kutokana na visa kama hivyo, maabara nyingi leo humtaka mgonjwa asaini ridhaa hata kwa kitu anachokitupa, na huondoa jina lake kwenye sampuli.

Katika Afrika Mashariki msingi wa sheria na taasisi upo. Utafiti unaohusu binadamu nchini Tanzania hupitia kibali cha maadili cha Taasisi ya Taifa ya Utafiti wa Magonjwa ya Binadamu, NIMR. Nchini Kenya huhitaji leseni ya Tume ya Taifa ya Sayansi, Teknolojia na Ubunifu, NACOSTI, na Sheria ya Afya ya mwaka 2017 ina sehemu nzima juu ya viungo, damu na tishu za binadamu. Upande wa tiba, Hospitali ya Taifa Muhimbili ilianza upandikizaji wa uloto mwaka 2021, na Hospitali ya Benjamin Mkapa ya Dodoma ikaanza kuwapandikiza watoto wenye selimundu mwaka 2023. Hiyo ni tiba ya seli shina iliyothibitishwa kwa miongo mingi, na haipaswi kuchanganywa na matangazo ya sindano za seli za mafuta yanayozunguka mitandaoni.

Mgonjwa anayeshawishiwa kulipia sindano hizo ana haki ya kuuliza maswali manne kabla ya kutoa fedha: tiba hii imesajiliwa na mamlaka ya dawa? Kama ni utafiti, kibali chake cha maadili kiko wapi, na kwa nini mshiriki anatozwa? Ni matokeo gani yaliyochapishwa kwa ugonjwa huu hasa, yakiwa na kundi la kulinganisha? Na mambo yakiharibika, nani atawajibika? Asiyeweza kuyajibu hana tiba ya kuuza.

Mafuta yanayotupwa vyumba vya upasuaji yamekwisha kuthibitika kuwa malighafi bora ya utafiti: ni mengi, hupatikana bila kumwongezea mtu jeraha, na seli zilizomo zimefundisha mengi juu ya namna mwili unavyojiponya. Kuwa dawa ya kutegemewa ni jambo jingine, na hapo bado hayajafika.